Sauti Tano za Mheshimiwa

Chuoni walimwita Mheshimiwa, na uchaguzi wa rais wa wanafunzi ulikuwa bado siku tatu. Picha zake zilijaa kila ukuta, meno nje, na chini yake maneno: UONGOZI SAFI. Kura alizitafuta kwa njia zake. Wenzake watano walitaka kulala asubuhi, naye akawaahidi kuwatilia saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Na somo lenyewe, jamani, lilikuwa Maadili ya Uongozi.

Siku hiyo mhadhiri, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alihesabu vichwa, akatazama saini kwenye karatasi, akahesabu tena.

"Leo tunaita majina," akasema, akavaa miwani na kuinamia karatasi.

Mheshimiwa jasho likamtoka. Jina la kwanza la wale watoro akaliitikia kwa sauti nzito. La pili akakohoa. La tatu akaitikia kutoka chini ya meza. La nne akaitikia kwa pua. La tano lilikuwa la binti.

"Nipo, mwalimu," ikatoka sauti nyembamba kama filimbi.

Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Akainua macho, akamnyooshea kidole Kimya, kijana mpole aliyekaa ubavuni mwa Mheshimiwa.

"Sauti zote zimetoka hapo. Wewe, simama! Mtihani wangu hufanyi."

Kimya akasimama, akaanza kukusanya madaftari yake.

Mheshimiwa angenyamaza tu, yangekwisha. Akasimama naye.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe ni yupi kati yao?"

"Wote watano."

"Hata yule binti?"

"Hata yule binti."

"Na sheria ya uchaguzi unaijua?"

"Anayeghushi saini anaondolewa. Naijua, mwalimu. Nilikuwa kwenye kamati iliyoiandika."

"Basi nenda kabandue picha zako."

Alasiri alizibandua, Kimya akimshikia ngazi. Wapita njia wakauliza, "Mheshimiwa, umejitoa?"

"Nimetolewa. Niliwatilia watu saini."

Akalirudia jibu hilo ukuta kwa ukuta, wala hakulipunguza.

Kwenye ukuta wa mwisho Kimya akasema, "Kaka, mimi sikuwa na nia ya kukupigia kura."

"Na sasa?"

"Sasa ningekupa. Ila ndiyo hivyo, hugombei tena."

Mheshimiwa akacheka mpaka ngazi ikayumba.

"Wee, shika vizuri! Hasara ya leo inatosha."