Hadithi za Saa Nne Asubuhi

Tangu biashara iachiwe huru, kila chumba kilichotazama barabara ya Shinyanga pale Buhongwa kilikuwa kinageuzwa duka, na kamati ya mtaa haikuona sababu ya darasa la watoto wadogo kubaki nyuma ya wakati. Mwenyekiti wake, Bwana Venant, alimweleza Mwalimu Kokulinda bila kuficha: wazazi wasipoonekana darasani kabla muhula haujaisha, chumba kitapangishwa kwa muuza mitumba.

Kokulinda alikuwa amefundishwa chuoni Butimba kwamba mtoto huanza kujifunza kwa hadithi za kwao. Yeye ni Mhaya. Za Kisukuma hakujua hata moja. Akawaalika wazazi waje kusimulia kila Jumatano. Hakuja mtu. Venant alidai kwamba wazazi wanataka Kiingereza, na Mihayo, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa amewahi kuuliza kwa nini mwanawe apelekwe shule kumtafuta sungura wa hadithi ambaye amemwacha nyumbani.

Nadharia hizo ziliitosha kamati nzima. Kokulinda hazikumtosha, naye akaenda kwa Bibi Kija, mama yake Mihayo, akamwamkia na kumuuliza sababu.

"Hilo somo lako ni saa ngapi?" aliuliza bibi.

"Saa nne asubuhi."

Bibi alimtazama kama anayetazama mgonjwa. "Hadithi, na jua liko juu? Unataka ng'ombe wetu wapotee?"

"Bibi, Mihayo hana ng'ombe. Ana mashine."

"Basi itakufa mashine. Kwenu Bukoba mnasimulia mchana?"

Kokulinda alifikiri. Bibi yake mwenyewe hakuwahi kufungua hadithi kabla giza halijaingia.

"Hata kwetu ni usiku."

"Sasa ulisahau wapi?"

"Chuoni."

Watoto wa miaka minne hawawezi kuitwa darasani usiku; hilo wote wawili walilikubali. Bibi Kija alilipima jambo kwa umakini wa hakimu, kisha akaamua kwamba kilichokatazwa ni jua, si saa.

Jumatano alikuja na mablanketi. Mihayo aliletwa kuyapigilia madirishani, akiwa na nia ya kuondoka mara moja, lakini mama yake alianza kusimulia kabla hajashuka kwenye kiti, na kufungua mlango kungeingiza mwanga. Akabaki. Majirani walikuja wenyewe, kwa kuwa chumba kinachotiwa giza asubuhi huzua maswali ambayo mwaliko wa mwalimu haukuwahi kuyazua.

Venant alifika akiwa amejiandaa kuhesabu viti vitupu. Alisukuma mlango, na sauti ya Mihayo ikamjia kutoka gizani:

"Mwenyekiti, funga. Unatuletea mchana."

Alifunga. Kwa kuwa alikuwa ameshaingia, alifunga akiwa ndani, akakaa sakafuni kati ya akina mama.

Hadithi ilipokwisha, Mihayo alimlalamikia mama yake kwamba ameruka sehemu ya fisi.

"Isimulie wewe," alisema bibi.

Aliisimulia kwa Kisukuma, kwa urefu usio wa lazima. Mama mmoja alimkatiza akisema kwao fisi hafi, na wawili wengine wakasema hufa. Kokulinda hakuelewa neno. Alichoweza kutambua ni kwamba watoto walikuwa wamejua kabla yake nani wa kumshangilia, na kwamba mwenyekiti, aliyeulizwa na bibi kwa Kiswahili yuko upande gani, alikuwa anatetea fisi aishi.

Muhula huo chumba hakikupangishwa. Kuhusu uliofuata kamati haikuahidi kitu, isipokuwa kwamba Jumatano ya kwanza ni zamu ya Venant kusimulia.