Kipeperushi cha Mzee Odero

Mtu mzima mwenye macho mawili hawezi kuchanganya safari ya kupanda mlima na mazishi. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Ijumaa ile ya mwaka 2004, saa mbili asubuhi, nilipofungua bunda la kwanza la vipeperushi kwenye duka la Mungai la uchapaji pale River Road nikamkuta baba yangu amezungushiwa mpaka mweusi.

Picha ilikuwa ile niliyompiga akiwa amekataa katakata kuvua kofia. Chini yake jina lake, Mzee Zakayo Odero, na chini ya jina, kwa maandishi ya madoido, 1979 – 2004. Kila pembe ilikuwa na njiwa.

"Mungai," nikasema, "hii ni nini?"

"Ni kazi safi, madam. Hiyo paper ni ile ya kung'aa. Sijakuwekea ile ingine ya kuchujuka."

"Baba yangu hajafa."

Akanitazama kwa huruma, vile watu humtazama mfiwa ambaye bado hajakubali. Ilibidi nimshike baba mkono, nimtoe mlangoni alikokuwa akishangaa mikokoteni, nimsimamishe mbele ya kaunta.

"Si huyu ni ndugu ya marehemu?" Mungai akauliza. "Jana tulikaa na yeye hapa mchana wote."

"Marehemu ni mimi," baba akasema, tena kwa adabu.

Mungai akashika kichwa. "Ngai!"

Wacha nieleze, maana hata mimi nina sehemu yangu katika huu upuzi. Baba huongoza wageni kwenye kisiwa chetu cha Nyalwe, kule Ziwa Victoria. Kisiwa chenyewe ni mlima mmoja uliovaa msitu, na kila njia ya huo msitu anaijua kwa miguu yake. Sasa kampuni moja ya utalii hapa mjini ilikuwa inatafuta mtu wa kuwapokea wageni wake kisiwani kuanzia Agosti. Ilikuwa ni yeye au ni vijana wa hoteli mpya ya ng'ambo, wenye redio za mkononi na fulana zinazofanana. Wakichukuliwa wale vijana, baba angebaki kukaa nyumbani akiwapungia mkono wageni wanaopita. Angekufa kweli, na mwaka haungeisha. Ndiyo maana alisafiri kutoka Nyalwe mpaka kwangu Waithaka, hapa Nairobi, na ndiyo maana nilimwandikia kipeperushi kwa mkono wangu, maana mkubwa wa kampuni alisema kwenye simu kwamba asiye na kipeperushi asijisumbue kuja.

Niliandika "Kiongozi wa wageni, 1979–2004". Nikaambatanisha picha. Nikampelekea Mungai siku ya Alhamisi nikiwa nimelowa chapachapa, pua inachuruzika. Akaniambia, "Pole sana, madam." Nikadhani ananipa pole ya mvua, nikamwachia baba pale, nikakimbilia kazini. Kumbe Mungai, ambaye tangu Januari mpaka Desemba huchapa programu za mazishi za watu wanaosafirisha miili magharibi, alikuwa ameona jina la Kijaluo, picha ya mzee, miaka miwili yenye kistari katikati ambayo hakuipigia hesabu, na binti aliyevimba macho. Nani angemlaumu? Mimi. Mimi nilimlaumu kwa sauti, mpaka fundi wa mihuri wa duka la pili akaja kuchungulia.

"Na huyu mzee ulipokaa naye mchana kutwa hamkuzungumza?"

"Nilimpa form ya familia, akajaza. Hiyo tunapatianga kila mtu."

Nikamgeukia baba. "Ulijaza fomu ya marehemu?"

"Fomu ni fomu," baba akasema. "Waliuliza nimezaliwa wapi, nimefanya kazi gani, napenda nini. Yalikuwa maswali mazuri. Mimi hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Nilitaka kulia, na si kwa huzuni. Nikaomba vichapwe upya. Mungai akanionyesha mashine, ambayo tayari ilikuwa inatema programu nyingine. "Hao gari yao inatoka saa sita kwenda Siaya, madam. Na huyo wao ameenda kweli."

Miadi yetu ilikuwa saa tatu. Kazini kwangu, kwenye ofisi ya bima kule Upper Hill, nilikuwa nimepewa ruhusa mpaka saa sita tu, tena na mkubwa ambaye hutazama saa yake mtu akienda chooni. Nikabeba bunda chini ya kwapa, baba akachukua kimoja mkononi, tukashika njia kwa miguu. Njiani anasoma. Watu wanampisha. Mama mmoja muuza njugu akamwambia, "Pole, mzee," naye akajibu, "Asante, mama," bila aibu.

"Usiwajibu!"

"Wamenisalimu vizuri, nyathina. Niwanyamazie?"

Kwa Kijaluo nyathina maana yake ni mtoto wangu. Huniita hivyo anapojua nimekasirika, na inazidi kunikasirisha.

Nilichungulia ukurasa wa pili tukivuka Moi Avenue, na heri nisingechungulia. Ratiba niliyoiandika ilikuwepo, lakini Mungai alikuwa ameipitisha kwenye mkono wake wa kazi. Saa moja: waombolezaji kukusanyika nyumbani kwa Mzee. Saa mbili: msafara kuelekea msituni. Saa nne: kutazama ndege, wote mnakaribishwa. Saa sita: kufika kileleni, maombi, chakula. Saa nane: kushuka kwa njia ya michoro ya mawe. Saa kumi: kuketi juu ya jiwe. Na mwisho kabisa, familia inawashukuru madaktari, wauguzi na majirani wote waliosimama nasi. Ukurasa wa tatu sikuusoma. Nilikuwa nimeshiba.

Hata hilo jiwe lilikuwa limenitia hasira tangu Jumatano, baba aliponitajia ratiba mezani kwangu Waithaka.

"Saa kumi, kuketi juu ya jiwe," alisema.

"Wakifanya nini?"

"Wakiketi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka saa kumi na moja."

Nikaandika tu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kazini na miguu inawaka. Kisiwani kwenyewe sijafika tangu tumzike mama, miaka minne sasa. Bima haina likizo ya maana. Baba akipiga simu namwambia nitakuja na boti ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ninayoweza kutoroka mapema, kisha Ijumaa inafika na mtu anaangusha faili mezani kwangu. Ni maisha. Kila mtu mjini anaishi hivyo.

Ofisi ya utalii ilikuwa ghorofa ya nne. Msichana wa mapokezi alipokea kipeperushi, akakitazama, akainuka kitini. Akakishika kwa mikono miwili. Kulikuwa na watu watano wanangojea, mmoja wao kijana wa fulana ya ile hoteli, lakini msichana akatunong'oneza, "Poleni sana. Ingieni tu," akatufungulia mlango. Nikafungua mdomo nimweleze, baba akawa ameshaingia.

Mkubwa aliitwa Wangu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akaivaa, akaona njiwa, naye akasimama.

"Jamani. Na nilikuwa nimengoja kukutana naye leo. Aliugua?"

"Ni mimi," baba akasema, akavua kofia kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Nilieleza yote, mvua, kistari, fomu, Siaya. Uso ulikuwa unanichoma. Bi Wangu alisikiliza mpaka mwisho, akakaa, akacheka mpaka akatoa kitambaa. Kisha akafuta machozi na kufanya jambo ambalo nakuhakikishia asingelifanya na karatasi ya mwingine yeyote: akasoma. Alisoma kila neno, ukurasa kwa ukurasa, vile sisi sote husoma programu ya mazishi tukiwa tumekaa kwenye hema na hotuba hazijaisha.

"Sawa, mzee. Nimependa huo mlima wako. Lakini wageni wangu wanataka kuchangamka. Baiskeli mnaweza?"

"Kuna njia ya kuzunguka kisiwa," baba akasema. "Wanaweza."

"Kulala msituni kwenye hema?"

"Wanaweza. Nyoka nitawaonyesha wanakokaa."

"Mitumbwi? Kupiga kasia asubuhi?"

"Asubuhi ziwa limetulia. Wanaweza."

Nikaanza kupumua. Bi Wangu akachukua kalamu, akaiweka kwenye ratiba. "Basi hii ya saa kumi tunatoa. Saa nzima juu ya jiwe! Hapo ndipo nitaweka mitumbwi ya jioni."

"Hiyo haitoki," baba akasema.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mzee, kwenye hilo jiwe kuna nini? Michoro? Ndege?"

"Hapana. Boti tu inaonekana."

"Boti gani?"

"Ya kutoka bara."

"Sasa mgeni aliyefika na boti, akatazame boti?"

"Anaweza kulala kidogo. Mimi ndiye natazama."

Bi Wangu akaweka kalamu chini na kutazama mlangoni, kule alikokuwa kijana wa fulana. Nikaona kazi ya baba inatoka kwa mlango ule ule. Miaka ishirini na mitano msituni, safari ya siku mbili, njiwa wanne, na mtu anataka kuipoteza kwa ajili ya mahali pa kukalia!

"Baba, tafadhali," nikasema. "Jiwe litakuwepo tu. Utalikalia siku nyingine."

Bi Wangu akanitazama kwa namna iliyonikera, kisha akakisukuma kipeperushi mbele yangu, wazi kwenye ukurasa wa tatu.

"Wewe ndiye Ivyne?"

Nikasoma kwa sababu sikuwa na pa kutazama. Wasifu wa Marehemu. Mzee Odero alizaliwa Nyalwe. Alipenda kupanda mlima kabla ya jua kuwaka. Alipenda wageni wanaouliza majina ya miti. Kila Ijumaa saa kumi alipenda kuketi juu ya jiwe lililo juu ya gati, ambapo mtu akishuka kwenye boti anaonekana sura yake. Alikuwa na binti mmoja, Ivyne. Yuko Nairobi, atakuja na boti ya Ijumaa.

Mungai alikuwa ameandika yote kama mambo yaliyokwisha, isipokuwa hayo ya mwisho. Nadhani hakujua ayafanyeje.

Nilijisikia vibaya. Sina namna nyingine ya kulisema. Baba alikuwa anazungusha kofia yake magotini kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe.

"Madam," nikamwambia Bi Wangu, "jiwe halitoki."

Akanitazama mimi, akamtazama baba. Akachukua kalamu, akaandika mitumbwi saa kumi na moja. "Agosti," akasema. "Tarehe sita kundi la kwanza. Na mzee, uchapishe karatasi nyingine, hii itanitishia wageni."

Tulishuka ngazi polepole. Saa yangu ilionyesha bado kidogo saa tano. Kwenye ghorofa ya pili nikasimama, bunda kwapani.

"Wiki ijayo," nikasema. "Ijumaa. Nitaomba siku nzima, wakikataa nitaondoka hivyo hivyo. Nitapanda ile boti."

"Ile ya Ijumaa?" Baba akavaa kofia yake. "Hiyo iliondolewa, nyathina. Mwaka wa pili sasa. Siku hizi inakuja Jumamosi."

Nikamtazama. "Kwa hivyo Ijumaa hakuna boti yoyote."

"Hakuna."

"Na wewe Ijumaa unakaa kwenye jiwe."

"Nakaa."

"Baba! Unakaa Ijumaa kufanya nini?"

Akanishangaa, kama mimi ndiye niliyejaza fomu isiyo yangu.

"Si wewe ulisema Ijumaa?"