Kazi ya Mwisho ya Koplo

Mama Koplo alikuwa na majivuno, na wala hakuyaonea haya. Tangu siku mwanawe alipovaa gwanda la polisi, mtaa mzima ulikoma. Duka lake la kufua na kupiga pasi lilijaa mashati ya wateja, lakini sare ya mwanawe ndiyo iliyotundikwa mlangoni, mistari ya pasi imesimama, ili hata asiyetaka kuona aone. Hata baada ya kumzika aliendelea kutembea kifua mbele. Alilia, ndiyo, alilia mpaka sauti ikamkauka. Lakini mtu akithubutu kumwita mama maskini, alimkata palepale.

"Maskini wa nini? Mimi ni mama wa koplo."

Sasa kesi ilikuwa imefika ukingoni. Kijana aliyemchoma koplo kisu alishatiwa hatiani, na sheria ilimwachia jaji njia mbili: kitanzi au kifungo cha maisha. Kabla ya kuamua, jaji alitaka kuisikia familia ya marehemu. Familia yenyewe ilikuwa Mama Koplo, maana baba wa koplo alitangulia zamani.

Asubuhi hiyo kaka yake alifika dukani akiwa ndani ya suti yake ya ibada. Alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimwita Sura na Mstari kwa sababu hata akiomba chumvi mezani alikutolea andiko.

"Dada, umeyashika niliyokufundisha?"

"Nimeyashika, kaka. Serikali imewekwa na Mungu, na haikupewa upanga wa kuchezea."

"Hapo hapo! Useme hivyo, kisha umwombe jaji kitanzi. Machozi yakija, kunywa maji, endelea."

"Na Kaini je? Alimuua ndugu yake, Mungu akamtia alama ili asiuawe."

Sura na Mstari aliguna. "Kaini hakumuua polisi."

Mama Koplo alicheka bila kupenda. Ukweli ni kwamba hata yeye alikitaka kitanzi kile. Kwa miezi mingi alikuwa akipiga pasi kola za watu huku akiiwaza shingo ya yule kijana, na mara mbili tatu aliunguza kitambaa. Lile la Kaini lilikuwa linamwasha tu, na hakujua kwa nini. Alichomoa pasi ukutani, akafunga duka, wakaondoka.

Mahakamani, askari waliofanya kazi na koplo walikuwa wamejaza mabenchi ya nyuma. Wakili wa serikali alisimama, akaeleza tena kwa ufupi mambo yalivyokuwa. Kila mara Mama Koplo alipoisikia habari hii, masikio yake yaliishia kwenye kisu, yaliyofuata hakuyataka. Leo, kwa kuwa zamu yake ya kusema ilikuwa inakuja, alijikaza akasikiliza mpaka mwisho.

Koplo alimfukuza mwizi hadi ndani ya stoo ya magodoro. Mwizi akageuka, akamchoma tumboni. Koplo alikuwa na bastola kiunoni, hakuigusa. Alimkumbatia yule kijana, akamwangusha, akamtia pingu. Kisha watu wakaja na mawe na petroli. Koplo akajiburura mpaka mlangoni, akakaa chini, mgongo kwenye mlango, damu inamtoka, akiwaambia, "Huyu ni wa mahakama. Hamumgusi." Akawazuia hivyo hivyo mpaka gari la polisi lilipofika. Alikata roho njiani kuelekea hospitali.

"Mama," jaji alisema, "mahakama inakusikiliza."

Mama Koplo alisimama. Sauti yake ilitoka imara.

"Mheshimiwa jaji, mimi ni Mkristo, na serikali naiheshimu. Kwangu serikali ilikuwa inakula mezani, ikiniachia vyombo nioshe."

Askari wa nyuma walicheka kidogo. Sura na Mstari aliitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Kaka yangu amenifundisha kwamba upanga mmepewa na Mungu. Sibishi. Lakini mwanangu naye alipewa. Alikuwa nao kiunoni. Ameshachomwa, anakufa, na angeutumia hakuna ambaye angemlaumu. Hata mimi nisingemlaumu. Hakuutumia. Pumzi zake za mwisho alizimaliza akihakikisha huyu kijana anafika mbele yenu mzima. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya mwanangu, na aliifanya vizuri. Mkimnyonga huyu, mtakuwa mmeifumua."

Kaka yake alikuwa ameacha kuitikia kwa kichwa.

"Mfungeni. Azeekee humo humo. Sijamsamehe, Mheshimiwa, nisije nikasema uongo mahakamani. Kwa hilo Mungu bado ananisubiri. Lakini msimuue."

Jaji alikwenda faragha, akarudi, akasoma hukumu. Kifungo cha maisha. Yule kijana alijishika uso kwa mikono yake yenye pingu.

Kwenye ngazi za nje Sura na Mstari alimgeukia. "Dada, umenivua nguo mbele za watu. Unaizuia serikali kufanya kazi yake?"

"Sikumzuia mtu. Nimeomba, na jaji alikuwa na uwezo wa kukataa. Mamlaka si ndiyo hayo?"

"Tutaongea nyumbani," kaka yake alisema kwa hasira, kisha akamshika mkono ili asijikwae kwenye ngazi.

Chini, gari la magereza lilikuwa limewashwa. Yule kijana aliletwa kati ya askari wawili, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Mama Koplo alisimama akamtazama, akasikia uchungu na fahari vimemjaa kifuani pamoja, asijue kipi kinamtoa machozi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji getini alimwonea huruma.

"Pole, mama. Huyo ni nani wako?"

Mama Koplo aliinua kichwa.

"Huyo," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye gari, "alikamatwa na mwanangu."