Mashine Isiyozima

Kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, Oriokot alichovya kiganja cha kulia kwenye mkebe wa oili chafu, akajipaka mpaka kwenye kucha. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili! Lakini alikuwa na sababu yake. Mwenye mkono mchafu haombwi kiganja. Anakunja ngumi, ananyoosha kifundo cha mkono, na watu wanamshika hapo hapo kwenye kifundo, salamu imeisha, hakuna anayeuliza. Ndiyo adabu yetu, na Oriokot alijificha ndani ya adabu hiyo miezi miwili mizima.

Alichoficha ni kwamba mkono ule ulikuwa umekufa nusu. Ilianza asubuhi moja akinawa uso. Kikombe kilimwanguka, mdomo ukaenda upande na kukaa huko mpaka saa sita. Mkewe Alupo alikuwa shambani. Aliporudi, mdomo ulikuwa umesharudi mahali pake, ila mkono haukurudi. Akamwambia aliulalia vibaya. Hospitali hakwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo Oriokot aliujua sana, alishawahi kumhubiria jirani. Binadamu ndivyo tulivyo, dawa tunaijua ikiwa ni ya mwenzetu.

Kazi yake ilikuwa kukata nyasi hapo Malaba, uwanja wa parokia na nyua mbili tatu za wenye malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Mwaka uliopita aliuza fahali wake wa kulimia akanunua mashine mpya. Mashine nzuri, lakini ilikuwa na chuma kirefu ambacho lazima ukibane pamoja na mpini muda wote. Ukikiachilia, injini inazima papo hapo. Kimewekwa hivyo ili kisu kisije kikakula mguu. Kwa mwenye mikono mizima hiyo ni baraka. Kwa Oriokot ilikuwa kama kutembea na mtu wa kumsema. Mkono wa kushoto ukienda kufuta jasho, wa kulia unalegea, mashine inanyamaza, na uwanja mzima unasikia imenyamaza. Kuiwasha tena kunataka mkono mmoja ubane chuma na mwingine uvute kamba. Mara tatu katika wiki moja Padre alichungulia dirishani.

Oriokot aliogopa sana ukimya huo. Kila injini ilipozima aliona vijana wenye zile mashine za kubeba begani wakipanga foleni kwa Padre kuomba kazi yake. Fahali hana tena, shamba lenyewe ni la mboga. Nyasi za parokia zikienda, yeye atakuwa mtu wa kuwekewa sahani mbele na kungojewa amalize.

Ndipo akasikia habari za Protus wa Busibwabo, upande wa Busia, aliyekuwa na mashine ya zamani isiyo na chuma hicho. Kilikatwa kitambo na injini ikaunganishwa dairekti. Ukishaiwasha inaenda tu, hata ukiiacha ukaenda kunywa chai, mpaka uiname na kuvuta swichi iliyo chini kando ya injini. Angeweza kumpa fundi wa Malaba aikate yake vilevile, lakini mafundi wa Malaba wote wanamjua, na midomo yao haina milango. Wangeuliza kwa nini. Protus hakumjua. Kwa hiyo Jumatano akamdanganya Alupo kwamba anapeleka kisu kikanolewe, akaipakia mashine kwenye pikapu ya muuza vitunguu, huyoo Busibwabo.

Protus aliposikia anataka wabadilishane, akaitazama ile mpya akadhani ni ya wizi. Hakuelewa mtu anabadilishaje ng'ombe wa maziwa kwa ngozi. Oriokot akamweleza kwamba za zamani spea zake hazisumbui, uongo aliouandaa njia nzima, na Protus akaacha kuuliza. Mwenye bahati haulizi imetoka wapi. Akamwambia mzee aijaribu kwanza ile ya zamani, pale nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mteremko unaoshuka kwenye kijito, na nyasi zilikuwa bado na umande. Oriokot akaikanyaga mashine kwa mguu, akavuta kamba kwa mkono wa kushoto. Ikawaka. Akaondoa mkono taratibu, akasimama anaitazama. Ikaendelea kunguruma peke yake. Jamani, alitamani kulia kwa furaha.

Akaisukuma kupanda mlima, hatua kumi, hatua kumi na tano, amefika karibu na mgomba, gambuti likateleza. Alianguka kifudifudi. Mkono wa kushoto ulitoka kwenye mpini, na ule wa kulia, ambao ndio ungepaswa kushikilia, ulikuwa umeshaachilia zamani bila kumwambia. Mashine ikasita kidogo, kisha ikaanza kurudi chini, inakuja kwake, na kisu kinazunguka.

Alijizungusha miguu ikatangulia juu, akajiegemeza kwa mkono wa kushoto, akaikinga kwa mguu. Akasikia mpira wa gambuti unachanika. Swichi ilikuwa upande wa kulia. Alituma mkono wa kulia, ukaenda, ukalala juu ya injini kama samaki aliyekufa, ukakaa hapo. Vidole aliviona kwa macho yake, aliviamuru, havikusikia. Harufu ya kitu kinachoungua ilimjaa puani na akajua ni gambuti. Aliita jina la mkewe. Sauti haikutoka, au ilitoka ikamezwa na injini, hakujua. Alichojua ni kwamba atafia Busibwabo, na Alupo ataambiwa na watu kwamba mumewe alikufa akipeleka kisu kunolewa.

Protus alifika mbio, akachomoa waya wa plagi. Kukawa kimya.

Ncha ya gambuti la kushoto haikuwepo. Oriokot akavua, akahesabu vidole vya mguu, vitano. Akahesabu tena.

"Mzee, si ni buti tu?" Protus alisema, na mkono wake ulikuwa umeshakaa juu ya mpini wa ile mpya. "Mimi ilinichukua kidole, na bado natembea. Tubadilishane, ama vipi?"

Na hapa sitamsitiri Oriokot. Amekaa kwenye nyasi, mguu wake umeponea chupuchupu, na bado moyo wake ulimwambia kubali. Kubali, hakuna atakayejua. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Hilo lilimtisha kuliko kisu chenyewe, kwamba alikuwa tayari kulipa mguu ili watu wasijue habari ya mkono. Akainuka, akamwambia Protus amsaidie kupakia mashine yake, ile mpya, na Protus akamsonya.

Alifika Malaba jioni jua likizama. Alupo alitazama gambuti, akatazama uso wake. Akaleta maji ya moto, sabuni na kigunzi cha mahindi, akaketi mbele yake, akachukua ule mkono wenye oili akaanza kuusugua. Oriokot hakuwa na nguvu ya kumkatalia. Oili ilivyotoka, wote wawili wakaona. Kidole cha mwisho na ukingo wote wa kiganja vilikuwa vimeungua, ngozi imevimba malengelenge, mahali pengine imebanduka. Kumbe ile harufu haikuwa ya gambuti peke yake.

"Lini?" Alupo aliuliza.

"Leo. Sikuhisi, Mama Aguti. Sikuhisi kitu."

Alupo akaacha kusugua. Akaweka kigunzi chini.

"Baba Aguti, mtu gani ana oili mkononi Jumapili akienda misa?" alisema. "Miezi miwili nangoja uniambie. Nalala nimeshika huo mkono kila usiku, nasikia kama bado uko moto."

Oriokot aliinamisha kichwa. Alikuwa ameuficha mkono kwa kila mtu mchana, na kila alipolala akampa mtu mmoja aushike. Akasema anaogopa. Alisema hivyo tu, ninaogopa, na lilimtoka kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino. Alupo akamwambia hata yeye anaogopa, na kesho ni hospitali, kisha Padre, bila oili.

Hospitalini walimpa dawa na kumgombeza kwa kuchelewa. Walisema mkono huenda ukarudi kiasi, huenda usirudi, na kwamba kiharusi cha pili huwa hakina adabu kama cha kwanza. Hayo aliyabeba mpaka nyumbani kifuani.

Kidonda kilipokauka walienda parokia wote wawili. Alupo alishika mpini upande wa kulia, yeye kushoto, chuma kimebanwa katikati yao, na wapita njia walisimama kabisa kutazama mwanamke anasukuma mashine na mumewe. Wakakata mistari minne, mitano, haijazima hata mara moja. Mara Padre akatoka nyumbani, akaja moja kwa moja akikanyaga nyasi mbichi.

Oriokot alitoka kwenye mpini kumlaki. Akanyoosha mkono wa kulia, msafi, kiganja wazi. Padre akaushika, akaubana, akangoja ubanwe. Haukubana. Padre akautazama, kisha akaufunika kwa mkono wake wa pili, hakuuachilia.

Nyuma yao mashine ilikuwa bado inanguruma. Alupo alikuwa amebana chuma.