Kiraka cha Maua ya Njano

Pikapu ilipovutwa kwa kamba hadi uani, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Dari ilikuwa inaning'inia, kiti kimetoboka, springi zinachungulia nje.

"Fundi, umenunua gari au banda la kuku?"

Fundi wa viti akaendelea kufungua kamba. Gari lilikuwa lake zamani, kabla hajaliuza. Alilikuta kwa muuza vyuma chakavu, akalipata kwa bei ya kutupa, na hakulitaka kwa ajili ya mizigo. Alilitaka kwa ajili ya mkewe. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka yule mama moja moja, hadi mumewe akageuka mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sasa alimwita "fundi" tu, kama wateja. Zamani alimwita Misumari, kwa ile tabia yake ya kubana misumari midomoni akiwa kazini, ukimuuliza kitu anaguna. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Basi siku hiyo mkewe akalisogelea gari, akapitisha mkono mlangoni, akapapasa kiti. Akatabasamu.

"Misumari," akasema, "twende zetu."

Mzee mzima akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Lakini kufika jioni, kwa mkewe alikuwa fundi tena.

"Baba, usiliguse kwanza," binti yao alimsihi. "Tumkalishe hivyohivyo."

"Mama yako achomwe na springi, na mimi ndiye fundi wa viti? Nitaiweka wapi sura yangu?"

Akakivua kiti kikabaki fremu. Tangu aanze kazi hakuwahi kuweka kipya juu ya kichakavu, na hakutaka kumwanzia mkewe uzembe huo. Sponji iliyooza, ngozi ya leza iliyopasuka, viraka, vyote akavitia moto nyuma ya uzio. Akakaza springi, akakata sponji nene, akashona leza ya kahawia kwa mshono ulionyooka. Akabandika dari mpya, akatandika zulia, akaisugua dashibodi ikang'aa. Wale waliocheka wakaja kukibonyeza kiti kwa vidole, wakakisifu.

Mkewe akaletwa, akakaa. Mkono wake ukaanza kupapasa ukingo wa kiti karibu na mlango. Ukaenda, ukarudi, ukaenda tena.

"Anatafuta nini?" fundi akanong'ona.

Binti alikuwa ameshaanza kulia. "Kile kiraka, baba. Cha maua ya njano. Siku ile alishika hicho."

Fundi akakikumbuka. Alikishona yeye mwenyewe kile kiraka, zamani, gauni la mkewe liliponaswa na mlango huohuo likachanika, wakacheka njia nzima. Na juzi alikishika tena kwa mikono yake, akaona uchafu tu. Akakimbilia nyuma ya uzio, akachakura majivu kwa kijiti. Hata uzi hakuupata.

Aliporudi, mkewe alikuwa ametulia, mikono mapajani.

"Kiti kizuri sana, fundi," akamwambia kwa adabu. "Mume wangu naye anashona viti. Akija nitamwonyesha."

Fundi akafungua mdomo. Haukuwa na msumari hata mmoja, lakini aliishia kuguna tu. Mkewe akageukia dirisha, akaendelea kumngoja.