Soksi Niliyoifumua

Nimeshona suti za maharusi, sare za walinzi, hata joho la hakimu, na sijawahi kurudishiwa nguo. Ndiyo maana nilipopewa soksi ya kubana pale kliniki, nilianza kwa kuikagua mshono.

Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu wangu wa kushoto. Nililazwa, nikapewa dawa, nikatoka. Muuguzi akanieleza kwamba mguu wa namna hiyo unaweza kuvimba tena, ngozi ikabadilika rangi, mwishowe kikafunguka kidonda kisichopona. Soksi ndiyo kinga.

"Itabana kweli kweli, baba. Ndiyo kazi yake."

Mimi nikasikia hilo la kubana tu. Kwangu, nguo inayobana imekatwa vibaya, basi. Tena ilikuwa ndefu hadi gotini, laini, ya rangi ya mwili. Mteja mmoja aliichungulia chini ya suruali, akaniuliza kama nimeazima kwa mke wangu. Nilicheka naye, huku natamani ardhi ipasuke.

Kila asubuhi mama watoto alipiga magoti mbele ya kitanda akanivalisha, maana kitambi changu hakinifikishi miguuni. Ilimchukua nusu saa. Vidole gumba vilimuuma mpaka akawa anavikanda kwa maji ya moto.

Wiki ya tatu, akiwa ametoka, nikaufumua mshono wa nyuma na kupachika utepe wa kitambaa cha kuvutika, upana wa vidole viwili. Kazi safi, huwezi kuiona usipoitafuta. Kesho yake soksi ikapanda bila ubishi. Mke wangu alishangaa, halafu akafurahi.

"Nimeshaijulia," akasema. Aliwapigia simu dada zake kuwaambia kwamba siku hizi dakika mbili tu, kamaliza.

Nami nikamwambia, "Mkono umezoea."

Baada ya miezi minne tukarudi kliniki. Muuguzi akauzungushia mguu futi kama yangu ya dukani. Ulikuwa umeongezeka sentimita nne. Juu ya kifundo ngozi ilikuwa na weusi, na katikati ya weusi pametokea alama ndogo inayovuja maji.

"Nani anamvalisha?"

"Mimi," mke wangu akasema kwa fahari. "Kila siku ya Mungu, sijaruka hata moja."

"Basi unavalisha vibaya, mama. Unaiacha imelegea. Mguu huu tulikukabidhi wewe, na sasa kidonda kinaanza."

Mke wangu alinywea. "Nifundishe tena, sista," akasema polepole.

Akaletewa soksi mpya, akapiga magoti pale sakafuni, wagonjwa kwenye benchi wakimtazama. Muuguzi akamwelekeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Jasho lilimtiririka. Mimi nilikuwa na mdomo, na nilikaa nao umefungwa, nikisoma tangazo la meno ukutani.

Akainua uso. "Nisamehe, baba watoto. Nilidhani nimejua."

Hapo nikashindwa. "Ni mimi," nikasema. "Niliifumua nikaipanua."

Muuguzi akaigeuza ile soksi ya zamani nje ndani, akauona utepe. Mke wangu hakuuangalia. Alinitazama mimi kidogo, kisha akarudi mguuni.

"Inua kisigino," akasema.

Asubuhi iliyofuata aliniwekea soksi mapajani.

"Wewe si fundi? Vaa."

Akaenda jikoni. Nilivuta, nikahema, nikajipinda ubavu, lakini soksi ilikwama vidoleni. Nilisikia anaosha vyombo. Nikaona aibu kumwita, nikakaa na aibu yangu muda mrefu, mwishowe nikamwita. Alikuja akifuta mikono, akapiga magoti, akavuta nusu saa nzima. Alipomaliza alivikanda vidole gumba vyake mbele yangu.