Nyumba Niliyomchagulia Mama

Kaka yangu Efrén alitaka ile hoteli ya karibu na kituo cha mabasi, yenye lifti na maegesho. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia hatuwezi kumrudisha mama mjini Puebla baada ya miaka arobaini na saba halafu tumlaze kwenye chumba ambacho kingeweza kuwa cha mji wowote.

"Maricruz, mama anasahau hata choo kiko wapi," alisema. "Wewe unamtafutia jumba la makumbusho."

"Ndiyo maana. Daktari alisema vitu vya zamani vinamtuliza."

"Vya zamani vyake. Siyo vya zamani tu."

Nilikuwa nimeshaamua.

Mama yetu, Herlinda, alishuka kutoka milimani akiwa na miaka kumi na miwili, akakaa Puebla mpaka alipofikisha ishirini. Tulijua alikuwa mtumishi wa ndani, hakuwahi kuficha. Ila kila alipotusimulia nyumba ile hakutaja kazi. Alitaja vigae vya bluu vya jikoni, ua wenye chemchemi, ngazi ya mawe iliyokuwa baridi hata saa sita mchana. Alivitaja kwa mapenzi kiasi kwamba nilipokuwa mdogo niliwaringia wenzangu shuleni kuwa mama yangu amekulia kwenye jumba.

Basi nilitafuta wiki tatu nzima kwenye simu. Nyumba nyingi za katikati ya mji zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe tupu na kujazwa vioo, au zimebandikwa vigae vya plastiki. Nilizipita zote. Mwishowe nikaipata moja yenye vyumba vinne, geti la mbao, ua wenye chemchemi, na jiko ambalo vigae vyake vilikuwa vimechakaa pale mtu anaposimama kupika. Mwenye nyumba aliandika kwamba hakubadilisha kitu. Nikachukua nafasi palepale, kabla Efrén hajaleta maneno mengine.

Tulifika Alhamisi ya wiki ya Pasaka. Njiani mama alikuwa mzima kabisa. Aliimba, akamwambia Efrén anaendesha gari kama marehemu baba yake, yaani vibaya. Lakini tulipofika getini alisimama, akaliangalia geti juu mpaka chini.

"Mlango wetu uko huku," alisema, akaanza kuufuata ukuta mpaka kwenye mlango mdogo wa pembeni. Akagonga mara mbili, akainamisha macho.

Aliyefungua ni Obdulia, mama wa makamo anayefanya kazi za nyumba ile. Mama akapenya ubavuni mwake na kuvua viatu. Nilipomaliza kuingiza mabegi nilimkuta amejifunga kitambaa kiunoni, anafuta vigae vya jikoni.

"Mama, tuko likizo," nilimwambia. "Acha hayo. Chumba chako kiko juu, kina kitanda kikubwa na roshani."

Alinitazama usoni. Hakunijua. "Ndiyo, bibi," alisema. "Namalizia hapa tu."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Wakati wa chakula, Obdulia alituandalia kuku wa mole, mchuzi mzito wa pilipili, uani. Mama hakukaa. Alisimama ukutani, mikono ameifumbata mbele, anasubiri tumalize.

"Mama, kaa ule," Efrén alisema.

"Nitakula jikoni, bwana."

"Bwana nani? Mimi Efrén, mwanao." Akainuka, akamshika bega, taratibu tu, ili amlete mezani. Mama hakukwepa. Alifumba macho, mwili ukakakamaa, akawa kama mtu anayengoja jambo lipite. Efrén akauondoa mkono wake, akauweka mezani, akabaki anautazama.

Kile kitanda kikubwa hakukigusa. Alijilaza kwenye chumba cha nyuma ya jiko ambacho siku hizi ni stoo ya mashuka. Asubuhi nilikwenda kumwamsha, mlango ukagoma. Alikuwa ameuegemezea kiti kwa ndani. Nilimwita, nikambembeleza, nikaanza kupaza sauti. Obdulia akaja akanisogeza, akasema maneno machache kwa Kinahuatl, lugha ya kwao ambayo mama hakutufundisha hata neno moja. Nikasikia kiti kinavutwa.

Wakakaa wawili mbele ya jiko, wanaongea, Obdulia anakoroga uji wa mahindi. Mama akacheka kidogo. Mimi nilisimama pale kama mgeni asiyekaribishwa.

"Anasema nini?" niliuliza mama alipotoka kwenda kufagia ua.

"Mambo ya jikoni, dada." Obdulia aliendelea kukoroga. "Anauliza kama bwana amesharudi kutoka shamba."

"Bwana gani?"

Hakuniangalia. "Sisi tuliokulia kwenye nyumba za watu hatuulizani hivyo. Kaniuliza pia, usiku mimi naegemeza nini mlangoni kwangu."

Niligeuka, nikamwona Efrén kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia yote. Kaka yangu ni mtu mkubwa, fundi wa majokofu, na viatu vyake vya kazini vinalia kwenye mawe. Ndipo tulipotambua kwamba kila viatu vile vilipolia ngazini, mama alikimbilia stoo. Efrén alitoka akaenda kukaa garini, na siku ile yote hakuingia tena ndani.

Nilimpigia daktari. Akasema tusibishane naye, tumhamishe mahali pengine. Nikapiga hoteli kumi na moja, pamoja na ile ya kituo cha mabasi. Binti wa mapokezi alijizuia kucheka. "Wiki ya Pasaka, dada? Hata kwenye ngazi hapalaliki."

Basi nikasema tuondoke, turudi nyumbani Jiji la Mexico. Mama akakataa. "Leo si Jumapili yangu ya mapumziko," alisema. Nikamwonyesha picha kwenye simu: harusi yangu, wajukuu, yeye mwenyewe akikata keki. Alizitazama moja moja kwa adabu, akasema ni familia ya watu wazuri. Nilimpigia magoti. Hilo lilimtisha zaidi, akaniinua haraka na kuangalia nyuma asije mtu akatuona.

Ni Obdulia aliyenivuta pembeni. "Mpe ruhusa. Kwake wewe ndiye bibi wa nyumba. Hatatoka asiporuhusiwa."

"Siwezi kumwambia mama yangu maneno hayo."

"Basi mtakaa."

Nikasimama katikati ya ua ule niliouchagua mwenyewe. "Herlinda," nikasema. Sikuwahi kumwita mama kwa jina maishani mwangu. "Nimekuruhusu. Nenda kwenu ukawaone wazazi wako."

"Kwa siku ngapi, bibi?"

Obdulia akajibu nyuma yangu: "Mpaka atakapokuita."

Mama akauchukua mkono wangu akaubusu. Akakunja kile kitambaa pembe kwa pembe, akavaa viatu, akatokea mlango mdogo. Garini alikaa nyuma, amejibana mlangoni, ameshika kitasa. Nilikaa karibu naye njia nzima na sikuthubutu kumgusa.

Zilipita siku tisa ndipo aliponiita Maricruz. Aliniuliza kwa nini maharage hayana chumvi, nami nikalia juu ya sufuria. Lakini hajarudi kikamilifu. Zipo asubuhi ninapokuwa bibi kwake, na nikikana hilo anaogopa, kwa hiyo namruhusu akanywe maji, namruhusu akalale.

Mwenye nyumba aliniandikia akitaka maoni yangu. Nikajibu kwamba nyumba ni kama ilivyo kwenye picha na kwamba Obdulia ni mtu mwema. Sikujua niseme nini kingine.

Siku moja, akili yake ikiwa imetulia, nilimuuliza. "Mama, bwana wa nyumba ile ya Puebla alikuwa mtu wa namna gani?"

Alikuwa anachambua dengu. "Alipenda ndege," alisema, akaendelea kuchambua.

Efrén huja kila Jumapili. Huvua viatu barabarani, akasimama nje na kusema, "Mimi Efrén, mwanao." Mama akisema pita, anapita. Akinyamaza, kaka yangu anakaa pale kwenye ngazi ya mlangoni, nami nampelekea sahani yake hukohuko.